Okidi yangu ina maua na mizizi imejaa nje ya chungu, nihamishe sasa au nisubiri?

#1 Jani_Tano

Wakuu habari za humu, poleni na majukumu. Nina okidi moja tu, ile ya kawaida kabisa Phalaenopsis, maua meupe mdomo wa njano, nilipewa zawadi mwaka na miezi miwili iliyopita. Ilikuja na maua, yakaanguka, nikajua ndo basi imekufa, nikaisogeza dirishani nikawa naimwagia maji siku nikikumbuka. Kumbe mwenzangu alikuwa anajipanga. Mwaka huu imetoa shina la maua yenyewe, sasa hivi yamefunguka saba na vitumba vitatu bado.

Sasa shida ni mizizi. Imetokea juu, imetokea pembeni, mmoja umepenya tundu la chini na mingine minne imening'inia tu hewani kama inatafuta pa kushika. Jirani kapita kaiona kasema chungu kimebana hamisha leo leo, rafiki yangu naye kasema ukiigusa ikiwa na maua umeiua kwa mkono wako. Halafu jani la chini kabisa limeanza kuwa njano ndo nikazidi kupata presha. Nimsikilize nani? Picha nimejaribu kuweka simu inagoma.

#2 Nyundo7

Hamisha mkuu, mmea ni mmea tu. Tafuta chungu kikubwa, udongo mweusi mzuri changanya na samadi, utakuja kunishukuru.

#3 mama pacha

Nyundo7 jamani usimuulie mtu mmea wake. Hii haioti kwenye udongo kabisa. Kule porini inakaa juu ya miti, imejishikiza kwenye gome, mizizi iko wazi inapigwa na upepo, mvua ikinyesha inalowa ikikatika inakauka. Ukiifukia kwenye udongo na samadi ni kama umemfunika mtu blanketi la maji usoni. Jani_Tano usifanye chochote kwanza, sema ndani ya chungu kuna nini, magome au ile mosi (moss), majani madogo ya kuvu laini kama sponji?

#4 Nyundo7

Kwahiyo samadi hapana?

#5 mama pacha

Hapana.

#6 Mzee wa Magome

Jani_Tano tulia, hayo ya leo leo achana nayo. Nafuga hizi miaka mingi na swali lako ndilo linaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mtu anaanza kama wewe, anaangalia mizizi ya nje. Mizizi ya nje haiamui kitu. Hiyo ni tabia yake, ni mmea wa juu ya miti, hata ukiihamishia chungu kikubwa mara mbili bado itarusha mingine nje. Ukiona ni minene, migumu, ya rangi ya fedha ikiwa mikavu na inageuka kijani ukiilowesha, basi furahi, iko vizuri. Lile ganda jeupe la nje ndilo linalofyonza maji haraka kama sponji, na kijani unachokiona chini yake ni kwamba mzizi wenyewe unatumia mwanga kujitengenezea chakula kama jani. Ndo maana wengi wanaikuza kwenye vyungu vya plastiki vinavyoonyesha, faida nyingine ni kwamba wewe unaona ndani bila kuchimbua.

Jani la njano, kama ni moja na ni la chini kabisa na mengine yamesimama magumu, ni uzee tu. Acha lianguke lenyewe. Yakianza kuwa njano mawili matatu kwa pamoja, au la katikati juu likaanza, hapo ndo uje mbio.

Kinachoamua ni mambo mawili: magome yana hali gani, na mizizi iliyo NDANI ina hali gani. Magome yanaoza, hilo ndo jambo watu wanasahau. Mwanzoni ni vipande vikubwa vina nafasi katikati, maji yanapita, hewa inabaki. Baada ya mwaka na nusu, miwili hivi, vinalainika, vinameguka kuwa kama unga wa kahawa, unga ule unashuka unaziba nafasi zote na chungu kinageuka kuwa tope. Mosi inachoka mapema zaidi, ukifika mwaka na kidogo tayari imeshikamana. Mzizi hapo haufi kwa sababu maji ni mengi, unakufa kwa sababu hauna hewa, halafu vimelea vya kuoza vinakuta mlango wazi. Na kinachochanganya watu ni kwamba mizizi ikishakufa majani yananywea na kukunjamana kama yana kiu, kwahiyo mtu anaongeza maji. Anamalizia kabisa.

Sasa fanya hivi. Chomeka kidole pembeni utoe gome moja toka chini kama sentimita nne, si la juu, la juu linadanganya kwa sababu linakauka kila siku. Libinye. Likiwa gumu bado lina uhai, likimeguka au likatoa maji kama sponji limeisha. Linuse. Zuri linanuka kama msitu baada ya mvua, bovu linanuka kama mtaro. Kisha mwagilia vizuri, chuja, pima uzito kwa mkono, uhesabu siku hadi chungu kiwe chepesi tena. Rudi na majibu.

#7 Kivulini

Naongezea hapo kwa mzee, chomeka kijiti kikavu cha mbao katikati kabisa ya chungu, kiache dakika kumi, kikitoka cheusi kimelowa na juu pamekauka ujue katikati kuna jambo. Mimi kilichoniponza ni katikati. Okidi nyingi zinatoka kwenye mashamba ya kuzalishia zikiwa na kijidonge cha mosi kimebanwa kwenye shingo ya mizizi, ndipo ilipoanzia ikiwa mche, halafu wanaizungushia magome kwa nje. Kwa nje unaona magome safi, unamwagilia kwa ratiba ya magome, kumbe moyo umelowa mwezi mzima.

Na nikiri la kwangu, ile ya kwanza nilihamisha ina maua kwa sababu ya kimbelembele tu, nikaipa chungu kikubwa "ikue kwa raha". Vitumba vyote vikanyauka ndani ya wiki, tena vikiwa bado vimefunga. Hilo ningevumilia. Shida ni kile chungu kikubwa, magome mengi mizizi michache, maji hayana wa kuyanywa, siku kumi na tano bado kuna unyevu chini. Baada ya miezi minne nilibaki na majani mawili na hadithi.

#8 Jani_Tano

Duh. Asanteni sana, sikujua kama kuna mtu anakaa ananusa magome ila nakwenda kunusa. Narudi.

#9 Tumba la Pili

Nimeweka kiti hapa, nina ya kwangu iko hivyo hivyo.

#10 Jani_Tano

Nimerudi wakuu, samahani nimechelewa nilikuwa nahesabu siku kama mlivyosema.

Magome ya pembeni ni magumu, yananuka vizuri tu. Nikafurahi. Halafu nikachomeka kijiti cha Kivulini katikati, siku ya kumi na moja toka nimwagilie, juu pamekauka kabisa hadi magome yamepauka. Kijiti kimetoka cheusi na kimebeba uzi wa mosi. Nilichokonoa kidogo kwa juu nikaikuta, donge kabisa, limelowa limeshikamana na shingo ya mmea. Harufu siyo mtaro ila siyo msitu pia, iko kati. Mizizi ninayoiona kwa pembeni mingi ni kijani, miwili ya kahawia. Maua yote bado yapo, kitumba kimoja kimefunguka. Majani magumu.

Sasa???

#11 mama pacha

Toa sasa. Siku kumi na moja na bado imelowa katikati hiyo inaoza taratibu, unasubiri nini? Kama maua yanakuuma kata shina lote uweke kwenye chupa ya maji, yanakaa vizuri tu wiki mbili hadi tatu, we endelea na kuokoa mizizi. Maua yatarudi, mizizi ikiisha hakuna kitakachorudi.

#12 Mzee wa Magome

Hapa mimi na mama pacha tunapishana kidogo na siyo mara ya kwanza 😄

Angalia alichosema. Majani magumu, mizizi mingi kijani, kitumba kimefunguka wiki hii. Mmea ulioishiwa mizizi haufungui kitumba, unakiangusha. Kwahiyo donge ni baya ila halijafika pabaya. Na hajatuambia jambo moja kubwa kuliko yote, kwamba ncha za mizizi zinakua au zimelala. Ncha inayokua utaiona, ina kidole cha kijani kibichi au chekundu kidogo, kinang'aa, sentimita moja mbili. Ncha iliyolala imefunikwa na ganda jeupe mpaka mwisho.

Ukihamisha ncha zikiwa zinaanza tu, mmea unashika magome mapya ndani ya wiki chache. Ukihamisha zimelala, unakaa miezi unauangalia, hauendi mbele wala nyuma, na kila jeraha ulilompa linakaa hivyo hivyo halina cha kulifidia. Wakati wa maua nguvu iko kwenye maua, mizizi mara nyingi imelala. Yakishaanguka huwa ndo inaamka, pamoja na jani jipya. Ndo maana watu wanasema subiri maua yaishe, wengine wanaikariri kama sheria wakati sababu yenyewe ni mizizi.

Kwahiyo ushauri wangu: subiri, LAKINI badilisha unavyomwagilia. Maji pitishia pembeni tu kwenye magome, katikati usiguse, na usimwagilie tena mpaka kijiti kitoke kikavu. Chungu kiwe mahali penye hewa. Ukiona moja ya haya usisubiri tena, toa hata kama kina maua ishirini: majani yanalegea wakati chungu kimelowa, harufu inageuka mtaro, mizizi ya kahawia inaongezeka kila wiki, au shingo inakuwa nyeusi laini. Wadudu ndani ya magome nao hivyo hivyo.

#13 mama pacha

Mzee mi nakuheshimu ila mgeni hawezi kumwagilia "pembeni tu", atasahau siku ya tatu. Ila sawa, kwa majani magumu naelewa. Jani_Tano uamuzi ni wako, mimi mguu mmoja ndani mwingine nje.

#14 Jani_Tano

Nimeangalia kwa tochi, ncha zote nyeupe mpaka mwisho, zimelala. Nasubiri. Nimeandika kwenye kalenda PEMBENI TU kwa herufi kubwa mama pacha usijali.

#15 Tumba la Pili

Samahani kuingilia uzi, ya kwangu siyo hiyo, ni Cattleya, ina yale mashina manene kama vibuyu vidogo, kibuyu kipya kimevuka ukingo wa chungu kinaning'inia nje. Sheria ni ile ile?

#16 Mzee wa Magome

Wazo ni lile lile, alama ni tofauti. Yako inatambaa kwenda mbele, kila kichipukizi kipya kinatokea mbele ya cha zamani, haikui kwenda juu kama ya Jani_Tano. Kwahiyo kwako kuvuka ukingo KUNA maana, mizizi ya kichipukizi kipya itaota hewani haina pa kushika. Vizia pale chini ya kichipukizi kipya vivimbe vidogo vya mizizi vinapoanza kutokeza, hapo ndo siku yenyewe, ukichelewa ikawa mirefu utaivunja, ni laini kama barafu nyembamba. Ukifika, kipande cha zamani kabisa kibanze kwenye ukuta wa chungu, upande wa mbele uache nafasi ya vibuyu viwili vitatu. Na baadhi ya Cattleya zinaota mizizi kabla ya kuchanua, nyingine baada, kwahiyo usinihesabie miezi, angalia mmea.

Dendrobium nazo zinapenda kubanwa, usizisumbue bila sababu. Vanda ndo kabisa, watu wengi wanaiweka kwenye kikapu kitupu mizizi imening'inia na inakaa miaka. Paphiopedilum, ile yenye ua kama kiatu, haina vibuyu vya kuhifadhia maji na haipendi magome machovu, hiyo mpe mapya kila mwaka au miwili, haina masharti sana ya msimu.

#17 Kivulini

Na kama mbolea inaacha ukoko mweupe juu ya magome na ukingoni mwa chungu, hiyo nayo ni alama. Chumvi zimejaa, ncha za mizizi zinaungua zinakuwa nyeusi. Kama magome bado magumu unaweza kuosha tu, pitisha maji mengi masafi ya kutosha, siyo lazima uhamishe. Magome yakiwa laini NA ukoko upo, usihangaike kuosha.

#18 Jani_Tano

Wakuu nimerudi na mrejesho, wiki ya tisa leo.

Maua yalianza kuanguka wiki ya sita moja moja. Wiki ya nane nikaona jani jipya limechungulia kama ulimi, na siku tatu baadaye ncha mbili zimekuwa kijani, moja ina wekundu kabisa kama mzee alivyosema, aisee nilipiga kelele mwenyewe ndani. Jumamosi nikaitoa.

Niliilowesha kwanza nusu saa mizizi ilainike isivunjike. Chungu nilikibinya pembeni ikatoka yote. Magome ya nje yakadondoka yenyewe, lile donge sasa, wakuu, nilikaa dakika arobaini na kibano nalichambua uzi kwa uzi. Ndani kulikuwa na mizizi sita imekufa, unaibinya inatoa maji, ganda linavuka kama soksi inabaki kamba nyembamba. Lakini kumi na moja migumu. Nilikata iliyokufa kwa mkasi niliopitisha kwenye moto ukapoa, mmoja nilikata kwa makosa kumbe ulikuwa mzima ila una rangi ya kahawia kwa nje tu, mnisamehe.

Magome mapya nililoweka usiku kucha. Chungu nimerudishia KILE KILE nimekiosha, kwa sababu baada ya kukata mizizi imepungua, kikubwa cha nini. Mizizi ya hewani nimeiacha hewani. Nimeisimamisha na kijiti isiyumbe.

Maswali mawili tu, nimwagilie lini, na mdalasini niliouona watu wanapaka ni kweli?

#19 mama pacha

Hongera mpenzi!! Kalenda imefanya kazi, nakubali yaishe.

Maji: vidonda vikauke kwanza, magome yako yamelowa tayari, mpe siku tatu nne ndo umwagilie kawaida. Mbolea isahau mpaka uone ncha zinakimbia, wiki tatu nne hivi. Kivulini kidogo kuliko ilivyozoea kwa hizo wiki. Mdalasini unakausha, kwahiyo ukiupaka paka pale tu ulipokata, ukigusa mzizi mzima nao unaukausha. Mimi siupaki siku hizi, nakata tu naacha hewa ifanye kazi.

#20 Mzee wa Magome

Mzizi uliokata kwa makosa usikusumbue. Rangi ya kahawia ndani ya magome ni madoa tu mara nyingi, ndo maana tunabinya, hatuangalii. Kitu kimoja, hakikisha shingo ya majani ipo juu ya magome, usiizike, na maji yasilale katikati ya majani.

Jani la chini likinywea kidogo wiki hizi mbili usikimbilie maji.

#21 Nyundo7

Wakuu nimekuwa nasoma kimya kimya. Naomba msinicheke. Dada yangu ana moja kama ya Jani_Tano, niliihamisha mwenyewe wiki tatu zilizopita, chungu kikubwa, udongo, na ile kitu. Tuseme majani yamelegea yote na udongo umelowa. Nisubiri maua yaishe?

#22 Mzee wa Magome

Itoe sasa hivi. Udongo wote uoshe kwa maji ya bomba mpaka mizizi iwe mitupu, binya mmoja mmoja, ulio laini kata. Ukishamaliza uje utuambie imebaki mingapi.

#23 Nyundo7

Ina maua kumi na mawili mzee, na dada anarudi Ijumaa

#24 mama pacha

Kata shina uweke kwenye chupa ya maji. Ijumaa atakuta maua.